Koti Juu ya Kiti

Kiti cha dirishani kilikuwa kimekaliwa na koti. Koti zito la sufu, rangi ya majivu, limetandazwa kwa uangalifu kama mgonjwa aliyelazwa, mikono imekunjwa kifuani.

"Samahani, hapa pana mtu?" aliuliza Inspekta Regula Nydegger.

"Pana mtu," alijibu mzee aliyekaa mkabala, macho hayatoki kwenye gazeti.

Treni ya asubuhi ya kwenda Zurich ilikuwa bado haijaondoka Bern. Behewa lilijaa, na waliokosa viti walisimama kwenye njia wakiwa wameshika vikombe vyao vya kahawa, kila mmoja anaangalia viatu vyake. Nydegger naye akasimama. Milango ikajifunga, treni ikavuka mto Aare, nyumba zikaanza kupungua, na mwenye kiti hakutokea.

"Mwenyewe mbona haji, bwana?"

"Atakuja."

"Treni imeshaondoka. Atakuja kwa mabawa?"

Hapo ndipo mzee alipoinua uso. Alikuwa na masharubu meupe yaliyokatwa sawasawa na miwani iliyoning'inia kwenye kamba. Nydegger akamwonyesha kitambulisho cha polisi, chini chini, ili abiria wengine wasikione. Mzee akakisoma chote mpaka mwisho, kisha akalichukua koti lake, akalitundika, akakipangusa kiti kwa kiganja.

"Karibu, Inspekta. Naitwa Oswald Brönnimann."

Hatimaye! Wiki mbili Nydegger alikuwa akiipanda treni hii na kumkosa, maana bwana mkubwa alikuwa milimani kwa likizo ya theluji. Na katika kesi nzima ya Reto Abegglen hakukuwa na mtu mwingine wa kutegemewa ila mzee huyu, ambaye Reto alisema hukaa naye mkabala kila asubuhi. Mke wa Reto, Silvia, alikutwa amekufa kwenye chumba cha kufulia chini ya jengo lao mjini Bern, kichwa kimepigwa na kitu kizito. Aliyemkuta ni jirani aliyeshuka na kapu lake, na jambo la kwanza jirani huyo alilowaambia polisi ni kwamba siku hiyo haikuwa zamu ya Silvia kufua. Daktari alisema aliuawa asubuhi, saa ileile ambayo Reto anadai alikuwa ndani ya treni hii, kwenye kiti hiki, akienda kazini.

Anadai. Ushahidi hana. Pasi yake ni ya mwaka mzima, mtu anaingia na kutoka bila kuacha alama. Simu aliisahau mezani jikoni. Kondakta hakupita, kwa sababu ilikuwa Jumatatu ya Soko la Vitunguu, gulio kubwa la Bern la kila mwaka, na siku hiyo hata panya hapiti kwenye mabehewa. Kamera za kituo zilionyesha kofia na mashada ya vitunguu tu. Kazini alifika kwa kuchelewa, akasema alitembea kwanza kando ya mto. Keshokutwa mwendesha mashtaka anampeleka mbele ya hakimu.

"Mwenye kiti hiki anaitwa nani?" Nydegger alianza.

"Sijui."

"Mmekaa pamoja muda gani?"

"Miaka. Tisa hivi, labda kumi."

"Na jina lake hulijui?"

"Hajaniambia."

"Na wewe hukumuuliza."

Mzee Brönnimann alimtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya chupi yake. "Inspekta, hayo ni mambo yake."

"Kwa hiyo miaka yote hiyo mnafanya nini?"

"Tunasalimiana Bern. Tukipita Olten nampa kurasa za michezo, nakuwa nimemaliza. Zurich tunatakiana siku njema." Akafikiri kidogo. "Mara moja aliniambia kamba ya kiatu changu imefunguka. Mtu mzuri sana."

Nydegger akatoa picha, akaiweka kwenye kimeza cha dirishani. Mzee alivaa miwani, akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiye. Anaumwa? Kabla ya likizo nilimwekea kiti kila siku, na leo tena, haji."

Magazeti hayakuwa yameandika jina wala kuonyesha sura.

"Niambie kuhusu siku ya Soko la Vitunguu. Ile Jumatatu."

"Ah, hiyo naikumbuka hata ukiniamsha usingizini!" Mzee alikunja gazeti. "Behewa linanuka kama jiko la kambi. Karatasi za rangi wanazorushiana zimeingia mpaka kwenye kola ya shati langu. Watu wa Zurich wanatoka sokoni, wamelewa divai ya moto tangu alfajiri, wanaimba. Kulikuwa na mama mmoja, mnene, ana mashada ya vitunguu shingoni, kachoka hajiwezi. Akaniomba kiti hiki. Nikamwambia pana mtu. Yule mama alisimama mpaka Zurich, na roho inaniuma mpaka leo."

Nydegger alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama.

"Alisimama mpaka Zurich?"

"Mpaka Zurich."

"Kiti kikiwa na koti."

"Kikiwa na..." Mzee alikiangalia kiti, akamwangalia Inspekta aliyekikalia, na taratibu rangi ikamtoka usoni. "Labda alipanda behewa lingine."

"Alikuwa na tabia hiyo?"

"Mwezi ule alikosekana mara kadhaa. Nilidhani ana mafua."

"Siku zipi?"

"Ningehesabuje siku za mtu, Inspekta? Huo si umbeya?" Alishika ukingo wa kimeza. "Nimemharibia, siyo? Kafanya nini? Kama ni lazima awe alikuwepo, basi alikuwepo. Andika alikuwepo."

"Mzee wangu, usirudie maneno hayo mbele yangu."

"Sirudii."

Zurich ilipofika, Brönnimann alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akauliza kwa sauti ndogo kama kesho aendelee kumwekea mwenzake kiti. Nydegger alimwambia aendelee tu.

* * *

Alasiri hiyo, katika mahabusu ya Bern, Reto Abegglen aliletwa akiwa amevaa shati safi lililopigwa pasi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mchora ramani za majengo, na alikaa kwenye kiti cha chuma amenyooka kama yuko kwenye usaili wa kazi.

"Umenidanganya," alisema Nydegger kabla hajaketi.

"Kuhusu nini?"

"Kiti chako kilikaliwa na koti la mzee wa watu. Ameniambia kwa kinywa chake, na maskini anakupenda. Sasa nieleze, au nitoke hapa nikamwambie mwendesha mashtaka afanye atakalo."

Reto aliiangalia mikono yake.

"Nilikuwa ndani ya treni," akasema. "Ila si pale. Nilikuwa nyuma, behewa la mwisho, ghorofa ya juu."

"Ulifuata nini huko?"

"Nilikuwa nalia."

Nydegger akavuta kiti, akakaa.

"Usiku wa kuamkia siku ile Silvia aliniambia anaondoka. Kashapata nyumba Chur, kwao. Asubuhi nikatoka, nikafika kituoni, machozi hayakatiki. Yule mzee ningemfanyia nini? Angehangaika kwa ajili yangu safari nzima. Nikapanda juu, ambako hakuna anayenijua."

"Na hukusema hilo tangu mwanzo!"

"Niseme nililia kwa sababu mke wangu ananiacha, na mke wangu amekutwa amekufa? Inspekta, ungekuwa wewe ungesema?"

Swali la haki. Nydegger alilipita.

"Nani alikuona?"

"Watu wote. Na hakuna hata mmoja. Unajua tulivyo. Behewa zima liligeuka kuangalia ng'ombe nje." Akakunja paji la uso. "Isipokuwa mama mmoja aliyekaa mkabala nami. Anafuma. Kitambaa cha kijani shingoni. Alisukuma pakiti ya tishu mezani mpaka kwangu, kisha naye akageukia dirisha. Nilichukua mbili, nikamrudishia pakiti."

"Ulirudisha?"

"Haikuwa yangu."

"Ee Mungu wangu. Ungeitia mfukoni, leo ningekuwa na alama za vidole vyake ndani ya koti lako. Ungekuwa umelala nyumbani."

Reto hakuelewa lawama hiyo. Alirudia kwamba pakiti haikuwa yake.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, alikuwa amekaa binti mwenye mfuko wa nguo mapajani. Ladina Abegglen, miaka kumi na sita, anaishi kwa shangazi yake Thun tangu polisi walipoifunga nyumba yao. Kila Jumamosi alileta mashati ya baba yake, ameyafua na kuyapiga pasi mwenyewe, na leo haikuwa Jumamosi.

"Bi Nydegger, amesema nini?"

"Kuna mama alimpa tishu kwenye treni, akachukua mbili, akamrudishia pakiti. Nikimpata huyo, tuna mahali pa kushika."

"Utampata." Binti aliukumbatia mfuko. "Shangazi anasema nianze kuzoea. Nizoee nini? Mama nimemzika. Kama ni baba aliyefanya, basi sina mtu hata mmoja, nimewapoteza wote asubuhi moja. Tunaomwamini ni mimi na wewe tu, si ndiyo?"

Nydegger alikuwa polisi kwa muda mrefu, na alijua kabisa swali hilo halijibiwi. Akalijibu.

"Ndiyo," akasema. "Nikimpata nitakupigia wewe kwanza."

* * *

Kesho yake alipanda behewa la mwisho, akapanda ngazi kwenda juu, akaanza kazi kabla treni haijashika kasi. Aliyejaribu kuuliza watu maswali ndani ya treni ya asubuhi nchini hapa anaijua adha yake. Kijana wa kompyuta alitoa vitu masikioni, akasikiliza, akasema hajawahi kuona mtu akilia.

"Hujawahi kuona, au hukuangalia?"

"Kuna tofauti?"

Bwana mwenye mkoba wa ngozi alikumbuka vizuri zaidi. Ndiyo, kuna siku mtu alilia, hapo hapo, viti vya katikati. Sura yake? Hapana. Kijana au mzee?

"Inspekta, mtu analia, halafu mimi nimkodolee macho? Nililelewa."

"Ulijuaje basi kwamba analia?"

"Mabega," alisema bwana yule, akaona haya kana kwamba amekiri wizi.

Na viti viwili mbele yake, hee! Kitambaa cha kijani. Mama wa makamo, uso mwekundu wa baridi, sindano zinacheza vidoleni, soksi ya mtoto mchanga inaning'inia. Nydegger alijionya asifurahi mapema, akaomba ruhusa ya kukaa.

"Pako wazi, karibu," alisema yule mama. Aliitwa Therese Zwahlen, mwuguzi wa meno kwenye zahanati moja ya Zurich, na hakushtushwa na kitambulisho hata kidogo. "Nani kaiba?"

"Hakuna aliyeiba. Mama Zwahlen, uliwahi kumpa mtu tishu humu?"

Sindano zikasimama.

"Yule baba," akasema. "Aliyelia."

"Nielezee. Polepole, usiache kitu."

"Alikaa hapo ulipokaa wewe. Alipanda Bern na tayari analia, kilio kile cha kimya, unajua, kinachoumiza zaidi. Watu wote wamegeuka. Nami niligeuka, lakini nikasema, Therese, wewe una pakiti mfukoni. Nikaisukuma hivi." Alisukuma mpira wa uzi juu ya meza. "Akachukua mbili. Mbili tu! Pakiti akairudisha, akainyoosha pembe zake kwanza. Nikamwambia mume wangu jioni, huyo mtu, kwa shida yake yote, amekumbuka kunyoosha pembe."

Mbili. Na pakiti ikarudi. Neno kwa neno, na maneno hayo Reto aliyatoa jana ndani ya chumba kilichofungwa. Nydegger aliyafumba macho kidogo. Alijiona anaingia kwa mwendesha mashtaka. Alimwona Ladina.

"Uso wake ungeutambua?"

"Uso sikuutazama. Ila mikono ninaijua mpaka kesho. Mirefu, kidole hiki cha katikati kina nundu, kama mtu anayeshika kalamu siku nzima."

Mchora ramani! Nydegger alitoa picha ya pili, ya mikono ya Reto, iliyopigwa siku ya kukamatwa. Mama Zwahlen aliitazama bila kuigusa.

"Hiyo hapo. Ndiyo nundu yenyewe. Maskini. Kuna nini?"

"Umeniokoa, mama. Umemwokoa mtu." Nydegger alikuwa anaandika mbio. Lilibaki la kukamilisha tu, lile ambalo hakimu angeuliza, nalo aliliuliza huku ameinamia karatasi. "Na vitunguu vilikuwa vingi huku juu? Karatasi za rangi, kelele?"

"Vitunguu gani?"

"Siku hiyo. Jumatatu ya Soko."

Mama Zwahlen alicheka. "Siku ya Soko la Vitunguu? Mimi? Hunikuti ndani ya treni siku hiyo hata kwa dawa, Inspekta. Kila mwaka naomba ruhusa kazini. Mimi na dada yangu tunafika sokoni bado giza, tunakula keki ya vitunguu mpaka tunavimba, tunanunua mashada ya jikoni, tunarudi nyumbani kulala. Tangu mama yetu yuko hai hatujakosa."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu vilevile. Muulize dada. Muulize daktari wangu wa kazini, ruhusa aliniandikia yeye."

"Huyu baba alilia siku gani?"

"Kabla. Wiki moja kabla hivi, au zaidi. Na nilikuwa nimemzoea kidogo, maana alikaa huku juu kama mara mbili tatu mwezi ule. Siku nyingine halii, anakaa tu. Siku ile moja ndiyo alilia." Alimtazama Nydegger usoni. "Nimesema vibaya?"

"Hapana. Umesema vizuri."

Kwa hiyo kilio kilikuwa cha kweli. Tishu za kweli, pembe za pakiti za kweli, na mama mwema wa kweli. Ila kuondoka kwa Silvia, Reto hakuanza kukujua usiku ule. Alikuwa amekujua wiki nzima au zaidi, akakaa nako, akalala nako kitanda kimoja. Na alipohitaji asubuhi ya kujifichia, alichukua hii, kwa kuwa ndiyo bora aliyokuwa nayo, akaihamisha mpaka siku ya vitunguu. Kila kitu kilihama sawasawa isipokuwa shahidi, ambaye siku hiyo alikuwa Bern anakula keki. Kiti cha Brönnimann kilikuwa na koti kwa sababu Reto hakuwa chini, wala juu, wala popote ndani ya treni hii.

Nydegger aliitazama karatasi. Hapo kati ya swali la mikono na swali la vitunguu palikuwa na nafasi. Angeweza kuishia kwenye mikono. Mama Zwahlen asingejua, hakimu asingejua, na mtoto angempata baba yake. Alikaa na wazo hilo muda ambao treni ilipita handaki zima, kisha akaandika jibu kama lilivyotolewa, akamwomba mama asaini. Alilichukia lile jina lililokuwa linaandikwa pale kwa mwandiko mzuri wa duara, na alijichukia mwenyewe kwa kuuliza.

Zurich hakushuka kwenda mjini. Alivuka tu jukwaa, akapanda treni ya kurudi, akapata kiti mkabala na kijana aliyekuwa anasoma gazeti. Kijana alimwambia pako wazi. Walikuwa hawajafika Olten simu ilipoita.

"Bi Nydegger? Hukunipigia. Umempata?"

"Nimempata, Ladina."

"Alimpa tishu?"

"Alimpa."

"Mbili?"

"Mbili. Alimrudishia pakiti."

Kule upande wa pili mtoto alipiga ukelele, akaangusha kitu, akamwita shangazi yake kwa sauti iliyovunjika, nilikwambia, nilikwambia mimi, yupo mtu alimwona! Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nydegger alijaribu kuingia katikati mara mbili na mara zote mbili akashindwa.

"Ladina. Nisikilize, mwanangu. Kaa chini."

"Nimekaa."

"Haikuwa siku ile. Ilikuwa kabla, wiki ya nyuma. Siku ya Soko yule mama hakupanda treni. Baba yako... haikuwa siku ile."

Nydegger aliisikia saa ya ukutani kwa shangazi, na sauti ya mwanamke anauliza kuna nini, kuna nini.

"Bi Nydegger," Ladina alisema mwishowe, sauti imekuwa ndogo sana. "Jumamosi mashati yake nipeleke?"

Inspekta aliibana simu sikioni.

"Peleka, mwanangu."

Simu ikakatika. Nydegger aliiweka mezani, akaziba uso kwa mikono yote miwili. Kijana wa mkabala aliinua macho, akaona mabega yake, akakunja gazeti bila kulipigisha kelele. Kisha akageukia dirisha, na hakugeuka tena mpaka Bern.